Gauni Lile Nililishona Mimi

Wapo watakaosema niliota, na wapo watakaosema jua la Mtwara lilinipiga utosini. Waache. Haya mimi sikusimuliwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu, nikayagusa kwa mkono huu huu unaoshika sindano mpaka leo. Kaa usikilize, kisha uamue mwenyewe.

Miaka ya tisini nilikuwa nikiishi Mikindani na mama yangu. Ndoa yangu ilikuwa imevunjika, nimerudi nyumbani sina kazi, nashinda barazani. Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyeniletea cherehani cha mkono, kikuukuu, akaniambia, "Jishughulishe, mama. Mawazo hayamshibishi mtu." Kwetu sisi mjomba ni mjomba. Baba anaweza kuondoka, na wangu aliondoka, lakini mjomba ndiye anayekuoza, na ndoa ikikushinda ndiye anayekupokea. Nilimpenda yule mzee, niamini, kuliko nilivyowahi kumpenda baba yangu.

Hakuna aliyenifundisha kushona. Nilichukua gauni la mtumba, nikalifumua lote, nikavitandaza vipande juu ya karatasi za mifuko ya saruji na kuvichora kwa mkaa. Gauni langu la kwanza lilinibana makwapa hata nikashindwa kuinua mkono kujitwisha ndoo. La pili shingo ilikwenda upande. Lililofuata nikalivaa sokoni, na mwanamke mmoja akaniuliza fundi wangu ni nani. Utamu nilioupata siku ile siwezi kukueleza.

Rafiki yangu Salima, binti wa nyumba ya jirani aliyekuwa akikaanga samaki na kuuza, ndiye pekee aliyekubali nimshonee. Wengine waliogopea vitambaa vyao. Alileta kitenge chenye picha za njiwa, akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mikono huku na huku kama anayetaka kuruka, huku akicheka kwa sababu namtekenya. Sikuwa na futi ya kupimia. Nilipima kwa kamba ya katani, nikipiga fundo la kifua, fundo la kiuno, fundo la nyonga. Gauni lilipokwisha tukagundua kwamba mkono wa kushoto nimeukata kinyume: njiwa wote wa upande ule walikuwa vichwa chini. Nikataka kuufumua. Salima akanizuia.

"Waache," alisema. "Hao wa kushoto wanashuka kula."

Akalivaa hivyo hivyo, na Mikindani nzima ikalijua.

Siku moja Mjomba alikuja kututembelea kutoka Madimba, alikokuwa na shamba la korosho. Akaiona ile kamba imening'inia msumarini, akauliza ni kipimo cha nani. Nikamwambia. Akasema mke wake mdogo analingana na Salima, nimpe kamba ampelekee fundi wa mjini amshonee gauni. Ningemnyimaje? Nilimfungia kwenye karatasi, vizuri kabisa.

Haukupita muda mrefu, Salima akashikwa na homa. Homa ya kawaida tu, tulidhani. Alipewa dawa, akapata nafuu, akatoka nje akacheka na watu. Asubuhi yake tukaamshwa na kilio. Mama yake mwenyewe alimwosha, mimi nikimshikia maji, na wanaume wakaenda kumzika. Katika siku zile za msiba gauni la njiwa likapotea. Mama Salima alidhani nimelichukua mimi liwe ukumbusho, na mimi nilidhani amelificha yeye. Hatukuulizana. Nani anauliza habari za gauni msibani?

Msimu wa korosho ulipofika nilijiandaa kwenda Madimba kumsaidia Mjomba kuokota, kama kila mwaka. Akatuma salamu kwamba safari hii nisijisumbue, kazi inakwenda vizuri. Nilishangaa kidogo, kwa kuwa hakuwa ameweka vibarua, na mke wake mdogo, ndiye pekee aliyeishi naye shambani, alikuwa amekwenda kwao ng'ambo ya Ruvuma kujifungua. Lakini nilikuwa nimemshonea shati la mikono mirefu, lenye kola iliyokaa sawa kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na nilitaka niuone uso wake akilivaa. Nikaenda bila kutuma taarifa.

Nilifika jua likielekea kuzama. Nyumba ilikuwa kimya, mlango umeegeshwa. Nikapiga hodi, hakuna aliyeitika. Nikazunguka nyuma, nikasikia mtu anafagia majani chini ya mikorosho.

Alikuwa mwanamke. Amenipa mgongo, ameinama, kichwa wazi, nywele zimejaa vumbi. Na amevaa gauni la njiwa.

Utaniambia vitenge vinafanana. Kweli, vinafanana. Lakini mshono? Mtu aliyejifundisha mwenyewe anayajua makosa yake kama anavyoyajua makovu ya mwili wake. Niliona pindo nililolimalizia kwa mkono baada ya cherehani kukata uzi. Niliona mkono wa kushoto, njiwa wote vichwa chini.

"Salima," niliita.

Akageuka. Ni yeye. Sikufichi, wakati ule sikuogopa. Nilifurahi. Moyo wa binadamu ni mpumbavu, ulimwona rafiki tu, kaburi ukalisahau. Nikamkimbilia, nikamshika bega. Bega lilikuwa baridi kama mtungi, na kitambaa kimelowa, ilhali mchana kutwa jua lilikuwa kali. Macho yake yakanipita kama siko pale. Kinywa kikafunguka kidogo, sauti haikutoka. Kisha akadondosha ufagio, akasimama wima, akanyoosha mikono huku na huku, akatulia.

Alikuwa anasubiri nimpime.

Nikarudi nyuma.

"Nilikuambia usije." Mjomba alikuwa nyuma yangu, amebeba kapu, na sauti yake ilikuwa ile ya siku zote, ya upole.

"Mjomba, huyu ni Salima."

"Hapo hamna mtu, mama."

"Nimemshika."

Akaweka kapu chini. "Basi kama yupo," akasema, "nani aliyempima? Mimi sijui kupima watu."

Hakupaza sauti wala hakunitisha. Alisema kama anayenikumbusha kwamba tuko pamoja katika jambo hili. Wallahi, angenikata kwa panga isingeniuma vile. Akamgeukia Salima, akapiga kidoko kwa ulimi kama unavyomwita mbuzi, na Salima akainama, akaokota ufagio, akaendelea na kazi. Mjomba akaniambia niingie ndani, kuna muhogo umeiva. Shati lilinidondoka. Nikatembea mpaka barabarani, nikalala kwa mama mmoja nisiyemjua, aliyenihurumia bila kuniuliza kitu.

Kwetu mtu wa namna ile huitwa msukule. Watu wanalia, wanazika, wanarudi nyumbani, kumbe walichozika ni gogo la mgomba, mwenyewe amechukuliwa akatumikishwe. Nilikuwa nayasikia haya tangu utotoni. Sikujua kwamba yanaweza kuanzia chumbani kwangu.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa anapepeta mchele. Nikamweleza yote. Mikono yake haikusimama. Nilipomaliza akasema, "Aliniomba gauni. Nikalichukua siku ya hitima. Sikumuuliza la nini."

"Mama, hukuuliza?"

"Kaka yangu ndiye aliyetulisha baba yako alipotuacha. Ungeuliza wewe?" Akapiga ungo, makapi yakaruka. "Na maneno haya yasivuke mlango huu."

Niliyavusha. Nilikwenda kwa Mama Salima nikamwambia. Hakulia. Alikwenda Madimba na kaka zake wawili, nami nikawaongoza. Mjomba alitupokea kwa heshima zote, akatandika mkeka, akaturuhusu tuzunguke shamba mpaka mwisho. Hatukukuta mtu. Chini ya mikorosho palikuwa pamefagiliwa, hata jani hulioni. Tuliporudi barazani Mjomba akaingia ndani, akatoka na gauni limekunjwa.

"Dada yangu alinipa kwa ajili ya mke wangu," alisema. "Kama lina maneno, lichukueni."

Mama Salima akalikunjua. Lilikuwa na madoa ya mabibo kifuani na mapajani, madoa yale ya mkorosho yasiyotoka kwa sabuni yoyote, na mke aliyesemwa alikuwa bado hajarudi kutoka kwao. Akaliinua hadi puani, akanusa kwapa. Akakaa chini pale pale. Mama analijua jasho la mwanawe, na lile lilikuwa bado bichi. Kaka zake wakamwinua. Wangefanya nini? Utampeleka mtu polisi kwa jasho?

Tulipofika mlangoni kwake akanigeukia. "Nilikuwa na mtoto kaburini, usiku nikapata usingizi," alisema. "Sasa hata huyo wa kaburini sina. Usije tena kwangu."

Ndivyo nilivyopoteza watu wote kwa mara moja: rafiki, mjomba, mama, na mama wa rafiki. Nikahamia Ufukoni, Mtwara mjini. Cherehani kile nilikiacha Mikindani, nikaanza upya kwa sindano ya mkono mpaka nilipopata changu. Nashona nguo zangu mwenyewe, zangu tu. Majirani husema nina roho ya korosho. Wacha waseme.

Mjomba alifariki baadaye, kwa uzee, kitandani kwake. Watu wengi walimzika na kumsifu. Kwa mila yetu, inayorithisha upande wa mama, shamba likaja kwa mama yangu. Sasa mama naye ni mgonjwa, na kila nikienda kumwona ananiambia litakuwa langu. Hajawahi kuweka kibarua hata mmoja, na kila msimu magunia yanajaa. Nilimuuliza nani anaokota. Akageukia ukutani. "Wewe pokea tu," alisema.

Sijalikubali, sijalikataa. Nikilikataa, litakwenda kwa nani, naye atamfanya nini yule aliyemo? Nikilipokea, nitaweza kumfungua, au siku hiyo atainua kichwa na kuniona mimi ndiye mwenye shamba? Masheikh niliowauliza wamenisomea dua, jibu hawakunipa.

Nawe unayenisikiliza, ndugu akikupa shamba, mwache kwanza amalize kulisifia. Usishukuru bado. Muulize ni nani analilima, na akinyamaza, ondoka ukiwa bado mikono mitupu.