Siti ya Watu Wawili

Kwa miaka kumi na sita Walusimbi alibeba abiria kwa pikipiki pale Nyendo, na kijiweni hakuna aliyemzidi kuijua barabara ya Villa Maria. Mgongo ndio ulioanza kumshinda. Jioni alishuka kwenye pikipiki amejikunja kama bado ana gunia begani. Mkewe alikwisha kumwambia: ukiendelea hivi, mwaka mpya utakukuta shambani, kwenye kahawa. Kahawa hakuichukia. Ila barabara ndiyo iliyomjua.

Akanunua siti mpya dukani, nene, laini, imevimba kama mkate. Aliichagua kwa kuikalia dakika moja tu, akatabasamu. Kesho yake, kufika saa nne asubuhi, sponji ilikuwa imelala na mgongo umeamka.

Ndipo akaenda kwa Nabukalu, mshona siti wa nyuma ya maegesho ya malori. Mwanamke huyo hakuuza kitu kwa haraka: mteja alikaa juu ya sponji mpaka ndizi za matoke alizokuwa akipika ziive. Alimpa Walusimbi kipande kigumu. Walusimbi akalalamika kwamba hilo ni benchi la kanisani.

"Laini inakusifu dukani tu, ssebo," alisema Nabukalu, akimenya ndizi. "Kaa."

Akakaa. Maganda yakajaa beseni, moshi ukageuka huku na huku, sufuria likachemka, na mgongo ukanyamaza. Akainuka kwa majigambo, akaagiza siti ya sponji hiyo, nyuma ivimbe kama ile ya dukani, ipendeze.

"Unambeba nani zaidi?" Nabukalu akauliza.

Akamtaja Jaja Nalwoga, bibi kizee anayempeleka misa kila Jumapili. Nabukalu akaweka mkasi chini, akasema amlete, tena amevaa gomesi.

Jaja akaja na gomesi yake, gauni refu la hariri, mkanda mpana kiunoni. Akapanda kama wanawake wote wapandavyo wakiwa na vazi hilo: kwa upande, miguu yote kushoto. Hata kabla pikipiki haijaondoka, akateleza kwenye uvimbe wa ile siti ya dukani, akaning'inia kwenye shati la Walusimbi.

"Miaka yote hii navuta shati lako," Jaja alimwambia. "Ulidhani nakupenda?"

Nabukalu alicheka mpaka akafuta macho. Walusimbi alibaki anajipapasa kiuno. Kumbe kila mama wa gomesi alimvuta kushoto, naye kila safari alijipinda kulia ili wasianguke.

Siti ikashonwa: mbele kibonde kidogo, nyuma bapa na pana, ukingo wa kushoto umeinuka unene wa kidole.

Jumapili Jaja alikwenda Villa Maria mikono yake imetulia juu ya mkoba. Langoni mwa kanisa Walusimbi akashuka, akasimama wima, akanyoosha mabega. Kisha akampigia simu mkewe, akamwambia atafute mtu mwingine wa kupalilia kahawa.