Nyumba Haijafukizwa

Jina la mke wangu silitaji. Kwetu Wawarlpiri marehemu hatajwi, asije akageuka njiani akidhani anaitwa.

Alizaliwa mchangani, jangwani huku katikati ya Australia, akakulia misheni. Nyimbo za kanisa alizijua kwa lugha yetu, na nyimbo za chemchemi takatifu ya ukoo wa baba yake alizijua. Jumapili aliingia kanisani na udongo mwekundu wa ngoma ya jana bado kifuani. Walipomtania, alisema, "Chemchemi ile kaiumba nani, shetani? Shetani hajui hata kuchimba choo." Mchungaji mzee alicheka hadi akakaa.

Kisha binti yetu Loretta akarudi kutoka mjini Alice Springs na kanisa jipya, la vipaza sauti. Akamtaka mama yake achome picha za chemchemi alizozichora. Mama yake akazigeuza tu, zikatazama ukuta. Hakupenda ugomvi.

Alipougua aliniomba jambo moja. Akifa, nyumba ifukizwe kwa moshi wa majani mabichi, chumba kwa chumba, nyayo zake zifagiliwe, aende kwao.

"Msinifungie humu," alisema.

Nikaitikia.

Lakini kwa mila yetu mume hafukizi. Alipofariki, shemeji yangu Nakamarra, mdogo wa marehemu, ndiye aliyekuja asubuhi na majani. Loretta akasimama mlangoni, ufunguo shingoni.

"Mama mdogo, mama yuko mbinguni. Huo moshi ni wa mapepo."

"Atafikaje huko, mwanangu, na mlango umeufunga wewe?"

Loretta akafumba macho, akaanza kuomba kwa sauti. Akamtaja mama yake kwa jina. Mara tatu. Shemeji akaangusha majani, akaziba masikio, akaondoka. Hajarudi. Anasema aliyekwisha kuitwa arudi nyumbani, yeye hawezi tena kumwambia aende.

Huu ni mwezi wa pili tangu afariki. Nakaa chini ya turubai, ng'ambo ya ua. Ndani siingii, hakujafukizwa. Kuhama siwezi, niliitikia. Majani yamekauka palepale yalipoanguka.

Loretta naye hulala garini. Jana asubuhi alikuja kuota moto wangu, nikampa chai. Nikamuuliza kwa nini halali ndani, na ufunguo anao.

"Ndani kuna joto, baba."

Ni Julai. Maji ya ndoo yalikuwa yameganda. Nikamsogezea blanketi, akajifunika. Tukakaa hivyo, tunautazama mlango.