Hooyo Hataki Kulalamika

Nimechoka, na sioni haya kusema. Nimechoka kufua vitambaa vya kidonda, nimechoka na wageni. Hooyo, mama yangu, alipoletwa kwangu Garissa kutoka Hulugho, titi lilikuwa limeshapasuka. Kule walianza na mzee wa kuchoma, akamzungushia uvimbe kwa chuma cha moto, na makovu bado yapo. Hospitali wakasema saratani imefika kwenye mifupa, kukata hakutasaidia tena. Lililobaki ni kumtuliza maumivu.

Basi hilo la maumivu ndilo lililonimaliza. Usiku halali. Anauma pindo la shuka ili nisimsikie, na chumba ni hicho hicho kimoja. Lakini kukicha, wanawake wa mtaa wakija kumjulia hali, anaketi wima, anajitanda shungi, na kila anayeuliza anajibiwa alhamdulillahi. Wanatoka wakimsifu kwa subira. Mimi nabaki naosha vikombe na hasira zangu.

Kwa daktari vilevile. Kijana wa bara, mpole, alimuuliza maumivu yakoje. Hooyo akasema alhamdulillahi, na tabasamu juu. Daktari akafurahi, akatuandikia vile vidonge vya maumivu ya kichwa. Nilipotaka kueleza, hooyo alinibana mkono. Mwenyewe keshasema, mimi ni nani?

Kwenye tuktuk nilimwambia kwa ukali kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Akanijibu kwa Kisomali, taratibu:

"Ugonjwa umetoka kwa Mungu. Nimshtaki Mungu kwa mtoto wa watu?"

Haya, mjibu wewe.

Kliniki iliyofuata sikuwa na nguvu ya kubishana. Tukiwa kwenye benchi nikamwambia basi, hooyo, habari zako ziache, mweleze daktari habari za ngamia. Amefuga ngamia maisha yake yote, na kusema mnyama anaumwa si kukosa shukrani. Akavuta shungi usoni. Nikadhani amenuna.

Tukaingia. Daktari akauliza lile lile, hooyo akasema alhamdulillahi. Kisha akaanza na Kiswahili chake cha sokoni, kile cha kuuzia maziwa.

"Daktari, iko ngamia. Kulala hapana. Kula hapana. Ukigusa mfupa, inatetemeka."

Daktari alinitazama. Nikainamisha kichwa. Akaweka kalamu chini, akamuuliza kwa adabu ngamia kama huyo kwao wanamfanyia nini.

Hooyo aliitazama mikono yake.

"Tunachinja," akasema. "Hatuwachi namna hiyo."

Tulirudi nyumbani na chupa ya mofini, dawa ya maumivu makali. Alasiri wageni wakaja kama kawaida, nikawazuia mlangoni, nikawaambia hooyo amelala. Wakauliza anaendeleaje. Nikasema alhamdulillahi, nikafunga mlango, nikalia.