Darasa Lililokubali Kila Kitu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Shule alinikabidhi boksi la chaki, rejista na ufunguo wa Kidato cha Pili. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, hicho Kifaransa kitawafikisha wapi watoto wa hapa Moding? Soko la Adungosi?" Nilimjibu kwamba madereva wa malori kutoka Kongo hukwama hapo jirani, mpakani Malaba, kwa kukosa mtu wa kuzungumza nao. Hakuridhika.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ungali mbichi, nami nilikuwa nimetoka chuo kikuu na mdomo usiotulia. Kila agizo niliuliza sababu yake. Kwa nini wanafunzi waimbe kanuni wasizozielewa? Nilifundisha kwa njia ya moja kwa moja: mwalimu hushika kitu, huuliza kwa Kifaransa, na mwanafunzi hujibu kwa lugha hiyohiyo.

Fahari yangu ilikuwa ukanushi. Kiswahili hukanusha ndani ya kitenzi: nasema, sisemi. Mfaransa hukiweka kitenzi katikati, kama ng'ombe kati ya wachungaji wawili: ne mbele, pas nyuma. Je parle, nasema; je ne parle pas, sisemi. Ukiondoa pas ukaweka jamais, husemi kamwe. Ukiweka rien, husemi chochote. Kitenzi kikianza kwa irabu, ne hubaki n' tu. Wanafunzi wangu, ambao wengi tulikaribiana umri, walinikanusha muhula mzima huku wakicheka.

Ndipo ikaja barua. Mkaguzi wa Lugha angetutembelea, na ripoti yake ingeamua kama Kifaransa kitabaki kwenye ratiba au vipindi vyake vitapewa kilimo.

Mkaguzi, Mwingereza mwenye mvi, alipitia maandalio yangu ya masomo, kisha akainua chaki. "C'est un livre?" Hiki ni kitabu?

"Oui, monsieur," darasa zima likajibu.

Akaonyesha dirisha, akauliza kama ni mlango. Wakakubali. Akauliza kama yeye ni mwanamke. Wakatazama sakafu, lakini wakakubali. Mkuu wa Shule alikuwa amekaa nyuma, mikono kifuani, kama mtu aliyekwisha kuiandika ripoti hiyo mwenyewe.

Nilimwendea Nabwire, msichana wa dawati la mbele asiyewahi kukosa zoezi, nikamwuliza kimewapata nini. Akanong'ona, "Mwalimu, huyu ni mzee, tena ni mgeni. Nitamwambiaje amekosea mbele ya watu? Mama akisikia?"

Mimi niliyehoji kila kitu sikuwa nimehoji hili: nani anaruhusiwa kumkanusha nani. Lakini mimi pia ni mtu wa Busia. Kwetu yupo mzee mmoja ambaye mtoto anaweza kumpinga, kumtania, hata kumwambia meno yake yamehamia Uganda. Huyo ni babu, tunamwita kuka. Nikamwomba Mkaguzi ruhusa, nikalitangazia darasa kwamba kwa dakika zilizobaki huyu si mgeni, ni kuka wao. Kiswahili alikielewa. Akaupinda mgongo kama mtu wa bakora, akainua chaki tena.

"C'est un livre?"

Nabwire akashindwa kujizuia. "Non, kuka. Ce n'est pas un livre, c'est une craie." Si kitabu, ni chaki. Kisha akaongeza, "Tu ne vois rien." Huoni chochote.

Kutoka nyuma mvulana mmoja, Emojong, akamwambia kuka hana meno. Mkaguzi akakana, wakamkanusha tena, na kengele ikalia bado wakibishana kwa Kifaransa safi.

Kifaransa kilibaki. Muhula uliofuata Mkuu wa Shule aliniongezea Kidato cha Tatu. Baadaye nilihamishiwa Busia mjini, kisha Budalang'i, ambako mafuriko yalitufungia shule mara kwa mara, na huko nikawa mkuu wa shule mimi mwenyewe.

Nilipostaafu, walimu vijana waliniuliza ninajivunia nini. Niliwaeleza kuhusu mwalimu mmoja mpya, binti mdogo tu, aliyesimama kwenye kikao cha walimu wote akaniambia, "Mzee, ratiba yako haifai." Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu niliibadilisha, kwa sababu kweli haikufaa.