Mwalimu alituuliza "mnaonaje", nasi tukamwachia yeye: kamba ya kiatu ya Rehema

Wakuu, nawasalimu kwa heshima. Kuna swali ninalotembea nalo tangu miaka ya tisini: kama tungekuwa wazazi wabishi kidogo, je, binti yetu angekuwa anaongea zaidi leo?

Sijui. Nitakachoeleza ni kilichotokea, bila kuongeza chumvi.

Tulikuwa tunaishi Burnsville, kusini mwa Minneapolis, Marekani. Mimi nilikuwa nasoma chuo kikuu, mke wangu akihudumia wazee kwenye nursing home. Rehema alikuwa na miaka saba, na alikuwa na usonji (autism), ingawa neno hilo la Kiswahili tulilijua baadaye sana.

Alipenda kuzungusha kamba ya kiatu mbele ya macho yake. Akiizungusha, anasoma kwa sauti chochote kilichoandikwa. Kwenye gari alitusomea vibao vya barabarani, exit moja baada ya nyingine, zile njia za kutokea barabara kuu, hadi mama yake akawa ananitania: "Dereva ni huyu. Wewe utingo tu."

Mwalimu wake, mama mpole, akatuita. Kamba ilikuwa inawavuruga wanafunzi wengine. Alipendekeza aichukue wakati wa masomo, kisha amrudishie wakati wa mapumziko kama zawadi ya kutuliza mikono.

"Ninyi mnaonaje?" akauliza. Akasubiri.

Mliolelewa kwetu mtanielewa. Mtoto ukishamkabidhi shuleni, hubishani na mwalimu. Mke wangu alinitazama, mimi nikatazama meza.

"Wewe ndiye mwalimu," tukasema, karibu kwa pamoja.

Kwetu ilikuwa heshima. Yeye alisikia kwamba tumekubali.

Mikono ikatulia kweli, kamba ikaishia kubaki kwenye droo ya mwalimu, tukapewa hongera. Lakini garini vibao vilianza kupita kimya. Nilisingizia baridi, nikasingizia uchovu. Winter ikaisha, kimya hakikuisha.

Jioni moja nilifungua kamba ya kiatu changu, nikampa. Aliiangalia, kisha akakalia mikono yake, kama alivyozoezwa.

"Baba Rehema," mama yake akaniuliza, "huyu ametulia au amezimika?"

Tukaamua hapo hapo kurudi kwa mwalimu.

Nilichojifunza, wakuu: kabla ya kuzuia kitu ambacho mtoto anakirudiarudia, chunguza kwanza kinamsaidia kufanya nini. Na mwalimu akiuliza mnaonaje, mjibuni, anauliza kweli. Mliofanikiwa kumtuliza mtoto darasani bila kumnyang'anya kitu, nawaomba mchangie hapa. Wapo wazazi wanaosoma kimya kimya ambao bado hawajachelewa.

Basi, asubuhi iliyofuata uamuzi ule tuliingia darasani sote watatu.

"Mwalimu, ulituuliza tunaonaje," mke wangu akasema kwa Kiingereza chake cha kazini. "Tunaona arudishiwe."

Mwalimu hakubisha. Alisogeza dawati la Rehema hadi nyuma ya wenzake, akafungua droo, akanipa ile kamba.

Rehema alikaa, akakalia mikono. Nikainama, nikautoa mmoja taratibu, nikamwekea kamba kiganjani, nikamkunjia vidole.