Sanduku Lililooshwa

Shangazi yangu hajawahi kuona uchafu akanyamaza. Miaka yote ambayo baba alichanganya tumbaku ya kiko katika chumba cha nyuma cha duka letu, shangazi alipita mlangoni kaziba pua. Mchanganyiko ule aliuanza babu: majani makavu, asali kidogo, na sanduku la mbao ambalo halikuguswa na maji tangu lilipochongwa. Baba hakuliacha tupu kamwe. Aliacha konzi ya tumbaku ya zamani chini, ndipo akamimina mpya juu yake.

"Uchafu ndio mnauita siri ya ladha!" shangazi alimcheka.

Baba alipofariki, duka likabaki mikononi mwa shangazi. Kabla hata hajalifungua, alilisugua sanduku kwa sabuni na maji ya moto, akalianika juani, akatuita tuje tuone linavyong'aa.

Wateja walinunua, wakashukuru, wakaondoka. Heshima ya marehemu, jamani! Lakini shangazi alichungulia dirishani akawaona wakikung'uta viko vyao mtaroni baada ya pafu moja tu. Tangu hapo akawa anawafungia tumbaku kichwa kainamisha, na sisi tuliomjua kwa mdomo wake tukakosa pa kutazama.

Siku moja akaja kinyozi wa jirani, rafiki wa baba, akaweka mezani kopo lililojaa tumbaku ya zamani.

"Ya kuweka chini sandukuni," alisema. "Marehemu alinipa akiwa kitandani. Aliniambia, 'Dada yangu ataliosha tu, namjua. Akishaacha kujisifu, mpelekee.'"