Amina Zangu kwa Mganga

Mimi ni Waruguru, Mama Kagwe, wa hapa Ruiru nyuma ya stesheni. Shule niliachia darasa la pili, nikapewa debe la kuchuma kahawa. Kusoma nilijifundisha na Biblia, kidole kwenye mstari, na tangu hapo sijaomba mtu anisomee kitu. Hata Kagwe aliponinunulia simu, mjukuu wangu Lynn akasema, "Shosho, lete nikuonyeshe," nilimwambia aonyeshe watoto wenzake.

Facebook niliingia mwenyewe. Huko nikapata ukurasa unaitwa Yesu Daktari Wangu. Kila asubuhi unaweka sala, chini unaandika: sema Amina, tumia wengine. Sasa mimi nimelelewa kwamba sala haiachwi bila kuitikiwa. Hata ukipita nje ya nyumba ya watu ukasikia wanaomba, unasimama, unaitikia, ndio uende. Ya kwenye simu nitaipitaje kimya? Nikawa naandika Amina kila siku kabla ya chai. Siku zingine naongeza: "Nimepokea, mimi na nyumba yangu yote." Halafu natumia akina mama wa kanisa kwenye grupu letu, na Alhamisi tukikutana nauliza nani hajaitikia.

Aliyekataa alikuwa mmoja, Syokau, anauza nguo za mtumba sokoni. Aliniambia mbele ya wote, kwa heshima, "Mama Kagwe, hao si watu wa kanisa. Ni akaunti feki. Wanakusanya watu kwanza na maneno mazuri, halafu wanageuza jina. Mimi walinifanyia hivyo na ukurasa wa nguo za watoto."

Ningesema asante. Nilisema hivi: "Ama ni vile kwenu Ukambani hamkuzoea Amina, mlizoea waganga?"

Akina mama walicheka. Syokau alichukua leso yake akatoka, na Alhamisi tatu hakuonekana. Nikawaambia amekasirikia ukweli.

Halafu Lynn akapiga simu kutoka Juja, anakosoma. Hata salamu hakunipa.

"Shosho, umeanza kuuza dawa?"

"Dawa gani?"

"Aki shosho. Fungua Facebook. Hapana, usifungue! Ngoja nikuje."

Mimi niambiwe nisifungue? Nikafungua.

Jina la Yesu lilikuwa limetolewa. Sasa ukurasa unaitwa Mzizi wa Simba, na kuna mganga wa manyoya kichwani. Kila mahali palipokuwa na sala wameandika dawa ya kuongeza nguvu za mwanamume kitandani. Na chini yake niko mimi, na kitambaa changu cheupe cha kanisa: "Amina. Nimepokea, mimi na nyumba yangu yote." Mjane wa miaka sabini na mbili.

Nilipangusa miwani mara mbili. Kwenye grupu walikuwa wameshaiona. Mwenzetu Nzilani ameandika, "Mama Kagwe, ikibaki kidogo utuwekee." Wengine wanacheka tu. Kicheko hicho nilikijua. Ni kile nilichowapa siku ile.

Lynn angenifutia zile Amina. Lakini neno la waganga nilikuwa nimelisema kwa mdomo, na lilikuwa limekaa kwa mtu. Kesho yake nikaenda sokoni. Nilizunguka kibanda cha Syokau nikijifanya naangalia sweta.

"Hiyo ni ya mtoto wa miaka miwili, Mama Kagwe."

"Najua."

 Alijua kilichonileta, na hakutaka kunisaidia kukisema. Nilikunja ile sweta, nikaikunjua.

"Syokau, nilikukosea. Ulikuwa unanilinda, na mimi nikatukana watu wa kwenu. Na sasa mwenye mganga ni mimi."

"Nimemwona huyo mganga wako." Mdomo ulitaka kucheka, akauzuia. "Siku ile nililia mpaka steji ya matatu."

 Nikampa simu. Halafu nikairudisha kwangu, nikasema neno ambalo sijui kama niliwahi kulisema: "Nifundishe."

Alinionyesha pa kubonyeza, ushikilie, halafu ufute. Kwa ya kwanza kidole kilikataa.

"Ni Amina, Syokau. Naifutaje?"

"Ile Mungu alisikia, alishasikia. Hii ni ya hao wakora. Bonyeza."

Wateja walikuja, akawaambia wangoje kidogo, mama ana kazi. Tulifuta zaidi ya arobaini. Tukauripoti ukurasa, nikautoa kwangu.

"Alhamisi utakuja?" nikauliza.

"Mimi umeniambia hapa tukiwa wawili. Matusi ulinipa mbele ya watu."

Alisema polepole, akiwa anapanga nguo. Afadhali angenipigia kelele.

Alhamisi nilisimama mbele ya akina mama wote, wakacheka ile dawa mpaka wakachoka. Walipochoka ndio nikasema ya Syokau: kwamba alituonya, na vile nilimjibu. Hapo hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe hakuwepo. Nikaandika hayo yote tena kwenye grupu kwa kidole changu, mchana mzima, na nikaona ameyasoma.

Hajajibu. Tukikutana ananipa mkono, ananiita Mama Kagwe kama zamani, lakini hakai kuongea. Kila Alhamisi nawahi mapema naweka kiti chake karibu na changu. Na sijauliza tena nani hajaitikia.